Pevingi zimetitia uani: ujaze mchanga, ufukue msingi, au uweke saruji?

Kwangu pevingi, vile vitofali vya zege vinavyotandikwa uani, zilititia kati ya geti na baraza, mstari wa upana wa hatua moja uliokatiza njia ya gari kama kovu. Kila mvua iliponyesha maji yalituama hapo, watoto wakarukaruka, wageni wakalowa viatu. Fundi wa kwanza alikuja na ndoo mbili za mchanga. Akainua vitofali, akajaza, akagonga kwa nyundo ya mpira na kuondoka kabla ya adhuhuri. "Bosi, hapa ni mchanga tu umeshuka," aliniambia. Miezi minne baadaye, katikati ya masika, kovu likarudi palepale. Fundi wa pili alikuja na mfuko wa saruji. Habari ya saruji hiyo nitaieleza mbele, maana kuing'oa kulinila siku mbili na patasi.

Kwa hiyo njia zote tatu zinazotumika sana majumbani nimezipitia, mbili kwa hasara na moja kwa jasho. Nazilinganisha hapa kwa kipande kidogo kama changu: mita moja na nusu kwa mita mbili, yaani mita tatu za mraba, vitofali vya unene wa sentimita 6, vile ambavyo wengi tunavyo uani. Ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wanaziita kabro, lakini zikititia zinatitia vilevile.

Kabla ya kuchagua: kilichoshuka ni nini?

Pevingi si sakafu ya zege. Ni matabaka. Juu kuna kitofali. Chini yake kuna mchanga wa kulazia, ambao ukishashindiliwa unabaki sentimita 3 hivi. Chini ya mchanga kuna msingi wa moramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, au kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, na kwa njia ya gari dogo msingi huo unatakiwa uwe na sentimita 10 hadi 15 zilizoshindiliwa vizuri. Halafu ndiyo udongo wenyewe wa kiwanja. Vitofali havijagundishwa kwa chochote; vinashikana kwa kubanana, kwa mchanga laini uliojaa kwenye viungo na kwa ukingo wa zege unaovizuia visitawanyike pembeni.

Kitofali chenyewe hakititii. Kilichotitia ni kimojawapo kati ya vile vilivyo chini yake, na kila kimoja kina dawa yake. Fundi anayekutajia bei kabla hajainua hata kitofali kimoja anabahatisha kwa pesa yako.

Anza na umbo la bonde. Likiwa mstari mrefu ulionyooka, chini kuna mtaro: bomba la maji, waya wa umeme, au bomba la maji machafu liendalo kwenye chemba, na waliofukia hawakushindilia. Yakiwa mabonde mawili sambamba kwenye njia ya matairi, msingi ni mwembamba kuliko mzigo. Hapa wala usiifikirie gari yako peke yake. Mfikirie mwenye boza anayekuletea maji: lita 10,000 ni tani kumi za maji matupu, kabla hujapima lori lenyewe. Gari la kunyonya maji taka ni hivyo hivyo, na tipa la mchanga siku unajenga ukuta. Pevingi zilizolazwa kwa ajili ya gari dogo zinapokea mzigo huo mara mbili tatu kwa mwaka na kuutunza kama alama.

Bonde la ukingoni, vitofali vikiwa vimeachana na kuinamia nje, maana yake ukingo haupo au umevunjika, na mchanga umetorokea pembeni. Bonde la duara jirani na chemba au chini ya mdomo wa bomba la paa linaonyesha maji yanachimba. Duara jingine nitalizungumzia mwishoni, kwa sababu hilo si la kufanyia mzaha.

Baada ya macho, inua vitofali vinne katikati ya bonde. Kitofali cha kwanza ndicho kigumu. Kwangua mchanga wa viungo kwa bisibisi bapa, halafu tumia bisibisi mbili, moja kila upande wa kichwa, uvute kidogo kidogo kwa zamu. Kikikataa kabisa, kivunje. Kitofali kimoja si mali. Kwangua mchanga uone msingi, kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 12 ukikandamize kwa uzito wa mwili wako. Kikigonga na kukataa kuingia, msingi ni mzima na kilichoshuka ni mchanga. Kikizama kama kwenye ugali, tatizo liko chini zaidi, na mchanga wowote utakaojaza juu yake utashuka nao.

Mwaga pia ndoo moja ya maji kwenye shimo hilo. Maji yanayonywewa polepole eneo lote ni ya kawaida. Maji yanayojikusanya na kutokomea mahali pamoja yamepata tundu, na hilo tundu ndilo lililoubeba mchanga wako. Kama unashuku bomba, funga koki zote usiku na uandike namba ya mita ya maji. Asubuhi ikiwa imesogea, una kazi ya fundi bomba kabla ya kazi ya pevingi.

Njia ya kwanza: kuinua, kuongeza mchanga, kurudisha

Hii ndiyo rahisi, ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo inayolaumiwa bure. Inafanya kazi vizuri sana pale nondo ilipogonga msingi mgumu. Mchanga ulihama kwa sababu viungo vilikuwa vitupu na maji yakapita, au aliyelaza mwanzoni hakusawazisha. Hapo unainua, unasawazisha upya, unarudisha, na kazi inakaa.

Kosa lake ni moja: mchanga kutumika kama kifusi. Mchanga wa kulazia ni godoro jembamba. Ukiwa sentimita 3 unatulia. Ukiufanya sentimita 8 au 10 ili kufidia bonde, matairi yatausogeza pembeni na bonde litarudi. Fundi wangu wa kwanza aliweka karibu kiganja kizima cha mchanga sehemu ya katikati. Kwa hiyo kanuni ninayoitumia sasa ni hii: ukishakwangua mchanga wote wa zamani, pima kutoka usawa wa juu wa pevingi za jirani hadi kwenye msingi. Kwa vitofali vya sentimita 6 unatakiwa kupata sentimita 9 hivi. Ukipata 10, endelea na mchanga. Ukipata 12 au zaidi, tofauti hiyo haijazwi kwa mchanga, inajazwa kwa moramu au kokoto zenye vumbi, zishindiliwe, ndipo mchanga uje juu.

Vifaa vyake ni vichache: bisibisi, nyundo ya mpira, pima maji, rula ndefu ya aluminiamu, uzi, brashi, na vipande viwili vya bomba la chuma la inchi moja. Hayo mabomba ndiyo siri. Kwa nje yana unene wa milimita 33 hivi. Unayalaza juu ya msingi, unamwaga mchanga katikati, unakokota rula juu yake, na unapata tabaka lenye unene mmoja bila kubahatisha. Toa mabomba, jaza mifereji iliyobaki, na usikanyage tena. Kitofali kinapaswa kukaa nusu sentimita hadi sentimita moja juu ya majirani zake kabla ya kushindiliwa. Kikikaa sawasawa tangu mwanzo, wiki ijayo kitakuwa chini.

Kwa mita tatu za mraba utahitaji ndoo 6 hivi za lita 20 za mchanga, ukiutupa wote wa zamani. Watu wawili wanamaliza ndani ya siku moja, pengine kabla ya alasiri.

Njia ya pili: kufukua hadi msingi

Hapa kuna jasho. Unatoa vitofali, unatoa mchanga, unafukua msingi uliolegea hadi upate ardhi inayokataa nondo, halafu unajenga upya kwa matabaka.

Kwa kipande kilekile, kufukua sentimita 15 tu za msingi kunatoa karibu nusu mita ya ujazo, ambayo ikishalegea inafika toroli kumi za kutupa. Na lazima ulete toroli kumi nyingine za moramu au kokoto zenye vumbi, kwa sababu kifusi kikilegea kinaonekana kingi na kikishindiliwa kinapungua. Juu yake ndiyo zile ndoo sita za mchanga. Wengi wanaishia njia ya kwanza kwa sababu ya hesabu hii tu, siyo kwa sababu wanaiamini.

Kwangu nilipofukua nilikuta mtaro wa bomba la maji uliofukiwa kwa chochote kilichokuwa karibu: mifuko mitupu ya saruji, vipande vya tofali, matawi, hata kandambili. Mifuko ilishaoza na kuacha mapengo. Hakuna mchanga duniani ungekaa juu ya kitu kama hicho. Ilibidi nishuke hadi kwenye bomba. Kipande cha mwisho, viganja viwili kabla ya kulifikia, nilichimba kwa mwiko, maana mtarimbo na bomba la plastiki havipatani. Ukifika huko zunguka bomba kwa mchanga usio na mawe, ushindilie kwa mguu pande zote mbili, kisha ndipo uanze kifusi.

Kushindilia ndiko kunakoamua kama kazi itadumu, na ndiko kunakorukwa. Kwa mkono usizidi sentimita 7 hadi 10 za kifusi kwa tabaka. Ukimwaga kina chote kwa mpigo na kugonga juu, unashindilia ngozi tu, ndani kunabaki kama mkate. Unyevu nao una kipimo chake: fumbata kifusi mkononi, kikishikamana donge bila kutoa maji, ndipo penyewe. Kikimomonyoka, nyunyiza. Kikichuruzika, kianike kwanza.

Mashine ya kushindilia inakodishwa kwa siku, na kwa ua mzima inafaa sana. Kwa mita tatu za mraba mimi sikuikodi. Nilijaza zege kwenye kopo la rangi la lita 4, nikasimika mti katikati, nikasubiri likomae. Linapata kilo 9 au 10, na siku ya pili mabega yanakukumbusha kila gramu. Kama jirani naye ana bonde lake, changieni mashine. Hapo hesabu inabadilika.

Panua eneo unalofukua. Safu mbili au tatu za vitofali kuzunguka bonde nazo zimelegea hata kama hazijashuka bado. Ukifanya bonde tupu, utapata bonde jipya lenye umbo la pete.

Njia ya tatu: saruji

Saruji inapendwa kwa sababu inaonekana kama suluhisho la kudumu. Lakini kuna saruji za aina tatu kwenye kazi hii, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni kuchanganya mchanga na saruji mkavu na kulazia vitofali juu yake. Hii ndiyo niliyowekewa na fundi wa pili. Kwa wiki kadhaa ilipendeza. Kisha mtaro chini yake ukaendelea kushuka kama kawaida, ule ubao wa saruji ukabaki unaning'inia, gari likapita, ukavunjika vipande vitatu. Vitofali vikawa vinacheza kama meno ya mzee. Na vilikuwa vimeshikwa na saruji mgongoni, hivyo kila kimoja kilitaka patasi kabla ya kurudi mahali pake. Karibu thelathini vilivunjika. Hapo ndipo nilipoelewa faida kubwa ya pevingi ambayo zege haina: zinainuliwa na kurudishwa. Ukizigundisha unaitupa faida hiyo.

Ya pili ni kumwaga uji wa saruji kwenye viungo ili mchwa, majani na maji visipite. Sipendekezi hata kidogo kwa njia ya gari. Pevingi zinacheza kidogo chini ya tairi, ndivyo zilivyokusudiwa. Uji mgumu unapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na hayana pa kutokea, na juu vitofali vinabaki na madoa ya kijivu ambayo brashi haitoi.

Ya tatu ndiyo yenye kazi halali: saruji chini ya mchanga, ndani ya msingi. Kama udongo wako ni mfinyanzi mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, au kama unajua boza litapita kila mwezi, changanya moramu na saruji kwa kipimo cha 10 kwa 1, weka tabaka la sentimita 10, shindilia, kisha weka mchanga wako wa sentimita 3 kama kawaida. Kwa mita tatu za mraba ni mfuko mmoja wa kilo 50. Lazima umalize kushindilia ndani ya saa mbili tangu uweke maji, kwa hiyo usichanganye halafu uende kula. Nyunyizia maji kwa wiki moja, na gari lilale nje muda huo.

Sehemu nyingine ambapo saruji haina mjadala ni ukingo. Bonde la pembeni halitapona kwa mchanga wala moramu kama hakuna kitu cha kuvibana vitofali. Jenga ukingo kwa zege, ushike mgongoni hadi nusu ya kimo cha kitofali, ndipo urudi kwenye kulaza. Vivyo hivyo kuzunguka mfuniko wa chemba.

Nikiziweka bega kwa bega

Kwa gharama ya siku ya kwanza, mchanga unashinda bila mpinzani, saruji kavu inafuata, na kufukua ndiko ghali, hasa kwa kibarua na toroli. Kwa gharama ya miaka mitatu mambo yanageuka. Mimi nimelipa fundi wa mchanga, nikalipa wa saruji, nikanunua vitofali thelathini, ndipo nikafukua. Nikijumlisha, ningeweza kufukua mara mbili.

Kwa usumbufu, njia ya kwanza inakurudishia ua jioni ileile. Kufukua kunataka siku mbili au tatu, na gari linaweza kupita mara tu viungo vikishajazwa. Msingi wa saruji unakufungia geti kwa wiki nzima. Mwenye geti moja na gari la biashara alifikirie hilo kwanza.

Kwa urahisi wa kurekebisha ukikosea, mchanga na moramu vinasamehe. Unainua tena, unajaribu tena. Saruji iliyo juu haisamehi.

Na kwa uhakika? Hapa ndipo jibu linategemea ile nondo. Msingi mgumu: njia ya kwanza inatosha, na anayekushauri kufukua anakutafutia kazi. Msingi laini: fukua, hata kama bonde ni la kina cha vidole viwili tu. Udongo mfinyanzi au magari mazito: fukua na utie saruji kwenye msingi. Kwa saruji chini tu ya kitofali sijapata mahali pa kuipendekeza, isipokuwa vipande vichache vya kukatwa kandokando ya ukingo, ambavyo ni vidogo mno kubanwa na mchanga.

Mchanga upi?

Neno "mchanga" limebeba makosa mengi. Wa kulazia unatakiwa uwe mkali, wenye chembe kubwa, usio na udongo: mchanga wa mto uliochekechwa. Ule laini wa kupigia lipu unateleza na unashika maji. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na vitofali vitakutolea ungaunga mweupe juu.

Vumbi la kokoto, ambalo Kenya wanaliita dasti na wanalilazia kabro kila siku, ni mshindani wa kweli. Linashindiliwa likawa gumu, na kwa walio karibu na machimbo, kama ukanda wa Lugoba unakotoka kokoto nyingi za Dar es Salaam, linaweza kuwa nafuu. Udhaifu wake ni ule unga. Vumbi lenye unga mwingi likilowa na kukandamizwa mara kwa mara linageuka tope na kupanda kwenye viungo. Kwa ua wenye mteremko mzuri nalikubali. Kwa sehemu ambayo maji yanatuama nabaki na mchanga wa mto.

Wa viungo ni mwingine tena: mkavu kabisa na laini, wa kupita kwenye mwanya wa milimita 2 hadi 5. Mchanga wenye unyevu haushuki, unaziba mdomo wa kiungo na kukudanganya. Uanike juu ya turubai tangu asubuhi, ufagie ndani, ushindilie, ufagie tena. Siku utakayoona umejaa, haujajaa.

Mwenyewe au fundi?

Njia ya kwanza mtu yeyote mwenye subira na pima maji anaiweza. Kitofali kimoja cha sentimita 20 kwa 10 kwa 6 kina kilo mbili na robo tatu hivi. Kwa mita tatu za mraba vipo 150, kwa hiyo mgongo wako utanyanyua zaidi ya kilo 400 kutoa na 400 kurudisha. Piga picha kabla hujainua, maana mpangilio wa zigizaga unasahaulika haraka, na pangilia vitofali kwa safu ulizozitoa.

Kufukua kunataka angalau saidia fundi mmoja wa kuchimba na kusukuma toroli. Ukimwita fundi, elewaneni kwa kazi nzima badala ya mita ya mraba, kwa sababu kipande kidogo hakilipi kwa mita na atakimbiza. Muulize maswali mawili tu: utafukua hadi wapi, na utashindilia kwa tabaka ngapi? Anayejibu "hadi nikute pagumu" anajua kazi. Sehemu ya mwisho ya malipo mimi huiacha hadi gari lilale pale wiki moja. Fundi mzuri hajawahi kukasirikia hilo.

Mteremko umwonyeshe wewe mwenyewe. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha, kuelekea nje ya nyumba. Ukirudisha vitofali vikiwa tambarare kabisa umeondoa bonde na kubakiza dimbwi.

Vitofali vya kuongezea navyo vina hila. Kalibu za watengenezaji hazilingani. Tofauti ya milimita tatu inatosha kuharibu safu nzima. Nenda na kitofali chako mkononi dukani, kilinganishe urefu, upana na unene. Rangi haitafanana, kwani vya zamani vimepauka kwa jua. Ujanja ni kuvichukua vya zamani kutoka kona isiyoonekana, nyuma ya tanki au kwenye banda la kuku, uvilete mbele, na vipya uviweke huko.

Lile duara jingine

Kama bonde ni la duara, linashuka haraka, ukigonga juu panalia kitupu kama ngoma, usiinue chochote. Viwanja vingi vya mjini vilikuwa na choo cha shimo au karo kabla ya nyumba ya sasa, na mengine yalifunikwa kwa mbao na mabati kisha udongo. Mbao zinaoza. Hapo hakuna ulinganisho wa mchanga na saruji; hamisha gari, zungushia kamba, wakataze watoto, na mlete fundi ujenzi afungue kwa kuanzia pembeni, si kwa kusimama juu. Shimo likionekana litajazwa mawe na zege au litafunikwa kwa slabu yenye nondo, na pevingi zitakuja baadaye kabisa. Hivyo hivyo bonde lililo karibu na karo linalotumika sasa.

Mengine yote yanaweza kusubiri kiangazi. Nilifanya kazi yangu Agosti, udongo ukiwa mkavu na mtaro haujai maji. Vuli ilipoanza, mchanga wa viungo ulishuka kidogo, kama unavyotarajiwa, nikafagia ndoo nusu nyingine. Ndoo iliyobaki ipo chini ya tanki, imefunikwa, pamoja na vitofali ishirini vya akiba. Kovu halijarudi, ingawa mwenye boza bado anakata kona palepale.